Mwanamke Mkimya wa Ukurasa wa Arobaini

Mtaani walimwita Bibi Dakika Tatu, na jina lilimkaa. Miaka thelathini na moja alikaa mbele ya swichibodi ya kituo cha simu, akichomeka nyaya na kuzichomoa, akiwaunganisha watu wa mji wake na watu wa ng'ambo. Simu za mbali ziliuzwa kwa dakika tatu tatu. Zikiisha, kabla ya kukata laini, aliingia katikati bila haya, awe anazungumza waziri au muuza mbao: "Dakika tatu. Mnaendelea?" Hata sasa, mjukuu wake akipiga soga simuni, bibi huinua uso kutoka kwenye ufumaji wake na kuuliza vilevile.

Mtu wa namna hiyo, jamani, ndiye aliyesifika ughaibuni kuwa hasemi.

Mjukuu ndiye aliyeiona mtandaoni picha ya zamani ya bibi yake. Akamwandikia mwandishi aliyekuwa akiichambua: huyu ni bibi yangu, yu hai, na mdomo anao. Wiki tatu baadaye mwandishi akabisha hodi, mama wa makamo, mpole, ana begi la vitabu na fomu ya kutia sahihi. Kitabu chake kilikuwa kinaingia mtamboni kesho yake. Alitaka ridhaa ya mwenye sura.

Akafungua nakala ya majaribio, ukurasa wa arobaini. Msichana ana mtungi begani, shela kichwani, macho chini. Chini ya picha pameandikwa jina ambalo mpiga picha aliipa: *Mwanamke Mkimya wa Mashariki*.

Mjukuu akakohoa, tayari kutafsiri.

"Usijichoshe, mjukuu wangu," bibi akamwambia, kisha akamgeukia mgeni na kusema naye kwa lugha ya mgeni mwenyewe, ile ya haraka haraka ya maopereta. "Mashariki ya wapi? Hapa tupo magharibi ya soko."

Kikombe cha mgeni kikasimama njiani, hakijafika mdomoni.

Bibi aliikumbuka siku ile vizuri. Mpiga picha alikuwa kijana wa ng'ambo aliyefika kituoni kila Alhamisi kumpigia mama yake simu. Alilia mle ndani ya kibanda namba nne, na mara mbili bibi alimwachia dakika ya ziada, jambo ambalo msimamizi angemfukuzia kazi. Adhuhuri moja akamwomba watoke ua wa nyuma apige picha. Akafungua sanduku, akatoa shela na mtungi uliotoboka kitako. Vua miwani. Vua saa. Tazama chini. Bibi, wakati huo ana miaka ishirini na miwili, alicheka mpaka picha mbili za mwanzo zikaharibika. Kijana aliahidi kumletea nakala, na nakala yenyewe ndiyo hii, imechelewa miaka hamsini na mitatu.

"Nisomee ulichoandika," bibi akasema.

Mgeni akasoma. Palikuwa na maneno mazuri juu ya huzuni ya yale macho. Kisha akafika kwenye mkono ulioshika mtungi, kifundo kimegeuzwa nje, penye ngozi iliyofifia rangi: ukanda mwembamba, na katikati yake duara. Alama ya pingu, kitabu kilisema, na duara ni mahali pa kufuli.

"Rudia."

Mgeni akarudia.

Bibi alikunja mkono wa gauni na kufungua saa yake. Maopereta wote waliivaa saa kwa ndani, juu ya mishipa, ili waweze kuusoma muda huku mikono imeshika nyaya. Tabia hiyo hakuiacha alipostaafu. Akauweka mkono mtupu mezani kando ya picha. Ukanda mwembamba, na katikati yake duara.

Mgeni alitazama mkono, akatazama picha, akatazama tena mkono. Shingo ikamwiva.

"Sura nzima ya kitabu changu imesimama juu ya pingu hiyo," akasema taratibu.

Bibi alimwonea huruma, lakini yeye mwenyewe aliumia zaidi. Mtungi haukumuuma, ulikuwa mchezo. Kilichomuuma ni kwamba yule kijana alimjua. Kabla hajaijua sura yake aliijua sauti yake, ndiyo iliyomfikisha kwa mama yake kila Alhamisi, naye akaenda kuwaambia watu kwamba hana sauti.

"Naweza kuongeza maelezo madogo," mgeni akasema. "Mwishoni."

"Mwishoni ukurasa gani?"

"Mia tatu na kitu."

"Na mimi niko arobaini." Bibi akaisukuma fomu irudi upande wa pili wa meza, bila sahihi. "Picha iacheni. Mtungi uacheni, mradi mseme ulikuwa wa nani. Maneno ya chini yake nitayatoa mimi."

"Mhariri hatakubali. Amelipenda sana jina lile, mpaka ameliweka kwenye jalada."

"Namba yake unayo?"

Mjukuu akazuia kicheko. Mgeni aliutazama tena ule mkono mtupu. Halafu akatoa simu yake, akatafuta namba, akapiga mwenyewe, akamkabidhi bibi.

Bibi akakaa wima kama aliyerudi kwenye kiti chake cha kazi.

"Halo? Hapa anazungumza mwanamke mkimya wa ukurasa wa arobaini. Shika kalamu. Andika: opereta wa simu, aliyeambiwa avue saa. Ukimaliza nisomee."

Upande wa pili ikasikika droo ikifunguliwa, mhariri akitafuta kalamu. Bibi akaivaa saa yake, akaifunga kwa ndani, akaitupia jicho.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," akamwambia yule mtu. "Leo sikati."