Tulivyoikwangua Chai ya Kocha

Mvua ya Tukuyu ikinyesha mfululizo, harufu ya chai inayokaushwa kiwandani hushuka chini, ikaingia kwenye migomba, kwenye nguo zilizoanikwa jikoni, hadi kwenye uji. Nikiisikia, najiona nimerudi Ikuti miaka ile ya ruksa, mitumba imejaa magulioni na kila kitu kinauzwa, hata viwanda. Kiwanja chetu kilikuwa kipande cha malisho chenye mteremko. Goli la chini lilikuwa na tope la kufika vifundoni, na mimi Sekela, msichana pekee kwenye timu, ndiye niliyedaka huko. Waliosema msichana hadaki walikuwa wengi. Kocha Ambakisye aliwajibu mara moja tu: "Mleteni wa kwenu anayemzidi." Hawakumleta.

Ambakisye hakulipwa na mtu. Kiwanda kilipopata wenyewe wapya alipunguzwa kazi pamoja na wengi, mama yangu akiwemo, akabaki na kishamba chake cha chai. Zamani lori la kukusanya majani mabichi lilisubiri mpaka magharibi. Hawa wapya walikuwa na haraka zao: Jumanne na Jumamosi, saa kumi kamili, usipokuwepo kwenye mizani majani yako utayachemsha mwenyewe. Na saa kumi ndiyo ilikuwa saa ya mazoezi. Alikuja uwanjani akihema, vidole vyeusi kwa utomvu, huku mkewe, Mama Lugano, amebaki peke yake kukimbilia mizani na kikapu mgongoni. Wazazi wetu je? Walisimama pembeni chini ya miavuli na majani ya migomba wakimfokea: mtoe huyu, mpange yule! Asante ya punda ni mateke, na sisi mateke tulikuwa nayo ya kutosha.

Jumamosi moja Ambakisye na mkewe walikwenda msibani Nkunga. Tukaambizana, leo tumchumie sisi, kocha apumzike. Watoto kumi na watatu, wote wa wachuma chai, nani angetufundisha chai? Kumbe tulijua nini! Mchumaji huchukua majani mawili na chipukizi lake, basi. Sisi tulishindana nani atajaza kwanza, tukakwangua mashina yote: majani magumu mapana kama viganja, vijiti, hata maua. Tena tuliimba. Saa kumi tukafika kwenye mizani vichwa juu, na muda huohuo Ambakisye na mkewe wakatokea barabarani wakirudi kutoka msibani. Karani akatia mkono kwenye kikapu cha kwanza, akachomoa kijiti, akakitazama. "Hii ni chai au chakula cha mbuzi?" Akamwaga chini. Cha pili akamwaga. Hakikupanda mizani hata kikapu kimoja.

Mama Lugano hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alikwenda shambani, akakuta mashina yamebaki fimbo tupu, akarudi. "Mpira wenu umekula shamba langu," alisema. "Mpaka lichipue tena, wanangu watakula nini?" Ambakisye akavua filimbi shingoni, akaitia mfukoni. "Mpira basi, watoto. Nendeni nyumbani." Nililia mbele za watu bila aibu. Bila yeye hapakuwa na timu, na Rungwe nzima sikumjua mtu mwingine ambaye angeniweka golini.

Mama yangu alinichapa kwanza. Halafu Jumapili, baada ya ibada, akasimama mlangoni pa kanisa akawazuia wenzake wasitoke. Mwanamke huyu hakujua hata kona ni nini. "Watoto wetu wamemharibia mtu shamba kwa kutaka kumsaidia," alisema. "Kazi ile ilikuwa yetu sisi, tukawaachia watoto. Kidole kimoja hakivunji chawa." Baba mmoja akacheka, akauliza tangu lini mke wa mtu akachume chai ya watu kwa sababu ya mpira. Mama akamgeukia. "Mwanangu akiwa kwa Ambakisye najua yuko wapi. Wako yuko wapi sasa hivi?" Kesho yake wanawake saba waliingia shambani kupalilia, na wakamletea Mama Lugano ndizi na maharage ya kuvukia wiki zile. Chai ilipochipua, kila siku ya lori walichuma naye, na Ambakisye akawa uwanjani na filimbi yake tangu mwanzo wa mazoezi hadi mwisho. Mama Lugano alisema "Ndaga fijo", yaani asante sana, akaweka sharti moja tu: mtoto asiguse chai yake. Nilidaka misimu mitatu mingine.

Sasa binti yangu anacheza Mpuguso, kwa kijana anayewafundisha bure vilevile. Viatu wanavyo, mipira wanayo. Mwisho wa msimu kocha hupewa cheti chenye maua pembezoni na makofi mengi, kisha wazazi walewale hurudi kumtukana, simu mkononi wakimrekodi akikosea. Sisemi zamani tulikuwa wema, tulimtukana vilevile. Lakini walau sisi tuliona aibu, tukaifanyia kazi. Mwezi uliopita baba mmoja alikuwa akibwata kwamba kocha hajui kitu, mwanawe apewe namba tisa. Nikamfuata. "Ndizi za huyu kijana zinatakiwa sokoni leo. Nani anazibeba? Mkewe, na mtoto mgongoni. Kambebee mkungu mmoja, ukirudi tutaongea namba tisa." Akasema mimi ni mwanamke mwenye mdomo. Nikamwambia ninao, na mikono pia ninayo, njia ya kwa kocha ni hiyo hapo, twende wote. Aliguna, akatazama viatu vyake vyeupe, akatazama tope, akanifuata.