Implant ya mama ilianza kutoa damu, na kipimo changu hakikuniambia kwa nini

Salamu wakuu. Haya yamenitokea mwenyewe hapa Bunia, sijaongeza chumvi.

"Weye muuza bidon wa Ariwara, utashika meno ya batu?"

Ndivyo walivyonicheka, mimi niliyekuwa nauza madumu sokoni, nilipokwenda Kampala kusoma. Nikarudi na diploma ya meno, wakati wengine wakifungasha mizigo waondoke. Amani yetu mnaijua: leo barabara ya Mahagi iko wazi, kesho imefungwa. Sasa nina kliniki yangu, yenye kiti cha wagonjwa cha kuendeshwa kwa umeme na mashine ya eksirei. Nimejijenga mwenyewe, acheni nijisifu.

Mama yangu alipoteza jino la mbele tukikimbia vita. Miaka yote hiyo akicheka aliziba mdomo kwa kitenge. Nilipojiweza nikampeleka Kampala, mwalimu wangu akampandia implant: skurubu ndani ya mfupa, jino juu yake. Kitenge kikashuka.

Baadaye nikaona ameanza kuziba tena. Nikamkalisha kwenye kiti. Ufizi umevimba, nikiugusa tu unatoa damu.

Wakuu, nikakimbilia eksirei. Mfupa ukiliwa, implant inatoka.

Eksirei ilionyesha mfupa bado upo. Nikachukua majimaji kidogo ya ufizini nikayapima. Kipimo chenyewe kinafanana na kile cha malaria. Mwili ukipigana na uchafu uliozunguka implant unamwaga kimeng'enya, na kikizidi kinabomoa nyama na mfupa unaoshikilia jino.

Mistari miwili: kimezidi. Moto unawaka.

Lakini kipimo hakisemi nani kauwasha. Nikamuuliza mwenyewe.

"Mama, ile jino unaisukulaka namna gani?"

"Ile? Siigusake, mutoto wangu. Zingine ninasukula na burosi asubui na mangaribi. Ile iko ya bei kali, ulitumika kazi sana juu yake. Ninaichunga."

Kumbe alikuwa anaitunza kama tunavyotunza sahani za wageni kabatini!

Nikageuka dirishani kidogo. Diploma yote ile, na sikuwahi kumwambia mama yangu kwamba implant nayo hupigwa mswaki.

Nikamsafisha taratibu, nikampa kiburashi chembamba cha kupita pembeni, nikamshika mkono mbele ya kioo mpaka akazoea. Aliporudi baada ya wiki chache nikapima tena: mstari mmoja. Ufizi wa rangi ya waridi, damu hakuna.

Nikaanza kumweleza kuhusu kimeng'enya, kwa majivuno yangu yote. Akanikatiza, kiburashi mkononi.

"Sasa weye, fungula kinywa niangalie."

Nikafungua. Akachungulia, akatikisa kichwa.

"Dokta, uku nyuma iko buchafu."

Akanishika kidevu, akaanza kusugua mwenyewe.

Nilichojifunza: pima, piga picha, lakini muulize mgonjwa anaishije na jino lake.

Wenye wazazi walioweka implant, mmewahi kuwauliza wanaisafishaje? Semeni hapa chini, nitajibu kila mtu.