Mnyororo wa Lango la Mpemba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipima lango la mtu kwa rula kabla sijamwamkia. Cheka tu, hata mimi sasa nacheka. Siku ile sikucheka, maana ngano ya kijiji kizima ilikuwa ikinisubiri.

Nilikuwa binti niliyemaliza chuo kikuu, nimerudi kwetu karibu na Nanyala na maswali mengi kuliko nguo. Nani kaamua? Umejuaje? Mama alisema nilizaliwa nikimhoji mkunga.

Shamba la ujamaa lilikuwa na kombaini kuukuu ya kuvunia ngano, na dereva wake, Mzee Simbeye, aliipenda kama mtu ampendavyo maksai mkaidi. Msimu ule ngano ilikuwa imekauka, na ndege wa kweleakwelea wameanza kupanda kutoka bonde la Rukwa. Ndipo ukakatika mnyororo unaopandisha nafaka hadi kwenye tangi. Pingili zote zilikuwa zimelika, haukuungika tena. Tulishika miundu, lakini shamba lilikuwa kubwa kuliko migongo yetu. Bohari ya mjini ikajibu kwamba kipuri hicho hakitengenezwi tena. Wajumbe wa kamati ya kijiji wakainamisha vichwa.

“Hakitengenezwi, au hawajatafuta?” nikauliza.

“Haya, ameanza,” mjumbe mmoja akaguna.

Mzee Simbeye hakuguna. “Endelea, binti.”

Nikasema mnyororo haujui umefungwa kwenye mashine gani, unajua meno tu. Basi tukalala chini ya kombaini, tukapima gurudumu la meno linaloshika mnyororo, jino hadi jino. Mnyororo wenyewe ulikuwa umerefuka kwa uchakavu, ungetudanganya. Mzee Simbeye akakumbuka kwamba mashine za zamani za kupukuchua mahindi zilikuwa na mnyororo mnene kama ule. Moja ilikuwa imekufa kwenye mji mdogo wa Mpemba, uani kwa Mzee Athumani, msafirishaji aliyetoka Tanga. Tukadandia lori.

Tulipofika, ile mashine ilikuwa mifupa mitupu. Lakini mnyororo wake, mwanangu, ndio uliofungia lango! Nikatoa rula palepale. Miaka ile bidhaa zilikuwa adimu na mpaka wa Tunduma uko karibu, kwa hiyo mgeni anayepimapima mali yako bila salamu hakuwa na jina jingine ila mkaguzi wa magendo. Mzee Athumani akachungulia, akalivuta lango, nusura libane vidole vyangu.

“Mwambie mkubwa wako sabuni hapa hakuna! Wala mafuta!” akafoka kutoka ndani.

Mzee Simbeye akaninyang'anya rula, akaitia mfukoni mwake. “Swali lako zuri, binti, ila umelituma peku. Kule chini ya mashine ulijua kuinama, kwa watu umesahau? Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kaa chini.”

Tukakaa mavumbini. Yeye akapiga hodi, akaulizia watoto, akaulizia magari, akaulizia hata minazi ya Tanga. Zamu yangu ilipofika nikasema, “Shikamoo, baba. Sisi si wakaguzi. Ngano yetu inaliwa na ndege.”

Sauti ya Mzee Athumani ikasema, “Marahaba. Mkaguzi hakai mavumbini,” na lango likafunguka.

Tulikunywa chai yake isiyo na sukari. Nilipomweleza shida yetu, akashika kiuno. “Yaani mnivue mkanda, nilale suruali mkononi?”

“Tutakufungia kwa kamba ya katani, baba.”

“Katani! Mtu wa Tanga unamletea katani!” Akacheka hadi akafuta machozi. “Chukueni. Ngano ikishasagwa, nileteeni unga wa maandazi.”

Tulirudi na mnyororo mabegani kama wawindaji waliobeba chatu. Tukatoa pingili zilizozidi, tukagonga pini, tukaupaka mafuta. Ukakaa jino kwa jino. Kombaini ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, kisha ikanguruma hadi kweleakwelea wakaruka kwa wingu moja. Nafaka ikamiminika tangini. Kina mama wakapiga vigelegele, na yule mjumbe aliyeguna akanijia mbio, makapi yamemjaa nyweleni. “Binti! Huna swali jingine?”

Tulivuna hadi pembe ya mwisho ya shamba. Unga nikaupeleka Mpemba mwenyewe, nikalikuta lango bado limefungwa kwa katani. Mzee Athumani alikataa kuibadilisha, kila mgeni alisimuliwa habari yake.

Basi, mwanangu, ukiambiwa kitu hakipo, usikubali upesi. Uliza, pima, lala chini ya mashine uchafuke. Lakini kitu unachokitafuta kina mwenyewe, naye ana watoto, ana hofu zake, ana kwao alikotoka. Mwamkie huyo kwanza, ndipo utoe rula.

Mungu akupe maswali yasiyochoka na magoti yanayojua kukunjika. Na kila lango utakalolipigia hodi, likufungukie.