Sumu Isiyokuwamo Kitabuni

Tulifiwa na waume mwaka mmoja, mimi na jirani yangu, hapa Nakivale, Uganda. Mimi nikabaki mjane. Yeye akawa mwamikazi. Ndivyo kwetu Kivu, Kongo, anavyoitwa mama anayeshika utawala chifu akifa na mtoto bado mdogo. Mume wake alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu cha wakimbizi, wangu fundi wa baiskeli. Mwenyekiti alipokufa, watu wakamwachia mkewe muhuri wa kijiji kwa muda tu, na muda huo haukuisha. Akipita na nguo yake nyeusi, hata wanaume walisimama. Mimi pia nilikuwa na nguo nyeusi. Hakusimama mtu.

Sifichi, nilimwonea kijicho. Nilipokwenda hospitali ya Ruharo, kule Mbarara, kupimwa macho, walinipa miwani, kijicho hawakukiona. Nikirudi kituo cha magari nikapita kwa muuza vitabu vikuukuu, nikachukua kimoja cha Kifaransa, maisha ya malkia wa Ufaransa wa zamani sana. Mfalme, mumewe, alichomwa mkuki wa jicho katika mchezo, akafa. Watoto walikuwa wadogo, Wakatoliki na Waprotestanti wanachinjana, basi mama akaishika nchi yeye, na nguo nyeusi hakuivua tena.

Akina mama wa kanisani wakaomba niwasomee kila Alhamisi baada ya maombi. Kwetu nilikuwa mwalimu, na niliamini pale mwenye Kifaransa ni mimi peke yangu. Nilisoma huku nikigeuza kwa Kiswahili. Hata sijafika mbali, mmoja akapiga makofi: "Eh! Huyu si mwamikazi wetu kabisa!" Wote wakamgeukia jirani yangu, naye akainamisha kichwa kwa aibu ya kupendeza. Nilitamani kukichoma kile kitabu.

Siku hizo kijiji kilikuwa kimegawanyika juu ya bomba la maji, watu wa mlimani na watu wa bondeni. Mwamikazi akawaalika wazee wa pande zote waje kula kwake Jumamosi, wapatane. Alhamisi ile kitabu nacho kikafika hapohapo: malkia anawaita wakubwa wa pande mbili mezani, wanakula, wanapeana mikono. Niliyasoma hayo kwa macho. Kwa mdomo nikasema, "Akawatilia sumu."

Kwetu neno sumu halitaniwi. Jumamosi wazee walikuja, wakakaa, wakatazama bugali na samaki hadi vikapoa. Hakuna aliyenawa mikono. Kesho yake watu wawili wakapasuana vichwa bombani.

Jumatatu asubuhi mwamikazi akaja kwangu, akakaa bila kukaribishwa.

"Mama mwalimu, siku ile ulisahau kitabu kwa benchi, nikaisoma. Miye nilisoma kwa bamasista, Kifaransa naijua. Mule hamuna sumu."

Nikangoja anitukane.

"Kesho ninabaita tena bazee. Utakuja, utakula wa kwanza, bakuone."

Hakumwambia mtu yeyote. Kesho yake, mbele ya wazee wote, alininawisha mikono yeye mwenyewe, akanisogezea sahani. Nikamega tonge. Niliomba samaki awe mbaya, walau chumvi izidi. Alikuwa mtamu. Wazee walipoona nimemeza wakanawa, wakala wakamaliza, na wote wakamshukuru yeye.