Kidole cha Fundi

Fundi cherehani wa Kamembe hulamba kidole gumba kabla ya kila kazi, awe anatunga uzi au anapiga picha ya kuweka kwenye ramani ya mtandaoni. Soko, njia ya uwanja wa ndege, vyote kwenye picha zake huchungulia nyuma ya kidole hicho. Juzi msafiri mmoja akamwandikia: "Natafuta gati la mashua za kisiwa cha Nkombo, naona kidole kichafu tu." Maneno yalimchoma fundi kuliko sindano. Akafunga duka, akakata ukucha, akasugua kidole kwa ndimu, akashuka ziwani kupiga upya. Jioni akampelekea jirani yake simu.

"Maman Gasaro, muntu akikosolewa anajifunza. Angalia."

Maman Gasaro akakisifu kidole, kweli kiling'aa. "Na mashua iko wapi, Papa?"

"Iko nyuma."