Kengele ya Mlima wa Nabii Adam

Karibu na stesheni ya Rayners Lane kuna duka linalouza chai ya kupima. Kila mara mwenye duka anapofungua gunia jipya, harufu yake kali, yenye utamu kidogo, hunirudisha kwenye gari moshi lililokuwa likipanda taratibu katikati ya mashamba ya chai ya Sri Lanka. Baba yangu, sonara wa Unguja, alizaliwa huko, na likizo moja nilipokuwa mtoto alinipeleka kwa mara ya kwanza nikamwone mama yake na nchi yake. Tulitazama tembo wakisuguliwa migongo mtoni kwa makumbi ya nazi. Tulipanda mwamba wa Sigiriya, na tulipofika penye picha za kale za wanawake vifua wazi, baba alinifumba macho kwa kiganja, huku yeye mwenyewe akizitazama bila haraka.

Bibi alitaka safari moja tu: mlima wenye alama ya unyayo, ambao Waislamu wa kule husema ni wa Nabii Adam, na Wabuddha husema ni wa Buddha, na wote hupanda ngazi zile zile bila kugombana. Wengi hupanda usiku. Sisi tulipanda mchana kwa ajili ya magoti yake. Yeye alizungumza Kitamil, mimi Kiswahili, kwa hiyo tuliongea kwa mikono. Kila nilipolegea alinitia kipande cha sukari guru mdomoni. Ukungu wa baridi ulitupita usoni ukinukia uvumba.

Kileleni kuna kengele, na desturi ni kuipiga mara moja kwa kila safari uliyowahi kupanda. Hakuna aliyeniambia. Niliipenda sauti yake, nikavuta kamba tena na tena, mpaka watu wakageuka. Mwanamke mmoja akasema neno, wote wakacheka.

“Anauliza wewe, mzee uliyepanda mara zote hizo, una wajukuu wangapi,” baba alinitafsiria, ameona haya.

Bibi hakucheka. Alisema na baba kwa muda.

“Bibi yako anasema umeshaahidi. Kila mlio, safari moja. Anauliza utarudi lini mpande naye.”

“Mwakani,” nikasema.

“Anasema basi atayatunza magoti.”

Mwakani ikawa mwaka mwingine, kisha London, kisha duka la magazeti Kilburn. Kila mara baba alipotoka Sri Lanka aliniambia bibi ameuliza. Nauli nilikuwa nayo. Mwaka mmoja niliitumia kwenda Uhispania kuota jua. Bibi alifariki sijarudi hata mara moja, na sina wa kumlaumu ila mimi.

Siku hizi magoti yanayouma ni yangu. Mjukuu wangu anakaa Peckham. Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza. Jumamosi iliyopita nilimsimulia haya, naye akanionyesha mlima ule kwenye simu kabla sijamaliza sentensi. Sisi tulikwenda kwa meli siku nyingi baharini. Yeye hunifikia kwa treni, na bado miezi hupita. Mlangoni aliniambia atarudi. Nilitaka kumwuliza lini. Lakini najua jibu lile la “mwakani” lilivyo jepesi kutamka, na namjua anayebaki akilisubiri. Nikamfungia koti mpaka kidevuni, nikamwacha aende bila kumdai ahadi.