Shehe Asiye na Meno

Sssss! Ndivyo ulivyolia ukuta wa chumba changu, nyuma ya hita, nilipokuwa mtoto. Juzi sokoni Woolwich, hapa London, nilimwona mama mmoja kavaa kidani cha nyoka mweusi, na sauti ile ikanirudia.

Niliamini mle ukutani mna nyoka, usingizi ukanihama. Mama Naze, jirani yetu wa dini ya Kiyazidi kutoka Iraki, akamleta binti yake mdogo, Naze.

“Huyu ni shehe. Nyoka walimtii mtakatifu wa kale wa ukoo wetu.”

Mama yangu akacheka. “Shehe gani, meno ya mbele hana? Kasomea wapi?”

“Ushehe hausomewi, dada. Amezaliwa nao.”

Nikadhani ushehe ni ugonjwa, nikasogea kando nisiambukizwe. Naze, aliyenukia vitunguu na sabuni, aliruka kizingiti bila kukikanyaga, kama ilivyo desturi yao, akaweka kiganja ukutani, akanong'ona. Sauti ikakatika.

Siku hizi najua ilikuwa hewa kwenye mabomba ya hita, na ushehe wao ni wa kurithi. Ila kwa nini ilikatika palepale, sijui.

Siku ile walipoondoka nilirudi chumbani peke yangu, nikagonga ukuta taratibu. “Hodi,” nikasema, nikatoka mbio kabla sijasikia “karibu.”